Sidiria ya Mawimbi

"Hivi, Mama Mhandisi, ulimsomesha binti yako miaka yote ile ili aje atushonee sidiria?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, amesimama mlangoni kwangu na ndoo ya maji mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha pochi kwapani. Hakuuliza kwa kunong'ona. Huyu jirani hakujaliwa sauti ya kunong'ona. Mtaa mzima unamwita Redio, na jina lenyewe halimuudhi, siku nyingine huanza mwenyewe kabla hajaketi: "Redio hapa, tegeni masikio." Hata habari hii ni yeye aliyening'ang'ania niiandike, kwa sharti moja tu, nisimfanye mnene.

Wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya marehemu mume wangu, nashona jani dogo la kitambaa king'aacho juu ya kitambaa kingine kinene cheusi.

"Kushona nashona mimi," nikamjibu. "Yeye anachora."

"Anachora sidiria?"

"Anachora antena."

Redio akaitua ndoo chini taratibu. "Antena. Kwenye sidiria. Ili matiti yashike stesheni gani?"

Nilicheka mpaka mguu ukaponyoka kwenye kanyagio na mshono ukaenda upogo. Binti yangu akatoka chumbani na penseli nywelani, akautazama ule mshono, akanitazama mimi, akamtazama mgeni. "Mama mdogo," akamwambia Redio, "karibu ndani. Ila ukimchekesha mama tena, utafumua wewe."

Mambo yenyewe, kwa kadiri nilivyoyaelewa mimi niliyeishia shule ya msingi, ni haya. Titi la mwanamke lina mafuta mengi. Uvimbe mbaya ukiota ndani yake, huo una maji mengi kuliko mafuta. Sasa kuna mawimbi madogo, ukoo mmoja na yale ya simu lakini hafifu zaidi, ambayo hupita kwenye mafuta bila taabu, na yakikuta chenye maji mengi, mengine hugeuka na kurudi. Antena moja inatuma, zilizobaki zinasikiliza. Kisha inatuma ya pili, na ile ya kwanza inasikiliza na wenzake. Zinapokezana hivyo mpaka mzunguko unaisha, na kompyuta inakusanya yaliyorudi na kuchora picha ya kilichomo. Mwanamke hachomwi wala haminywi. Anavaa tu.

Mwanzoni binti alizitengeneza kwa vibao vigumu vya shaba. Nilivaa mimi kupima, juu ya blauzi, nikahisi kama nimekumbatia kabati. Yeye mwenyewe akasema havifai. "Mwili wa mtu si meza, Mama. Kibao kikikaa juu ya mviringo kinaacha nafasi, nafasi ina hewa, na mawimbi yanarudi hapohapo kabla hayajaingia ndani." Ndipo akahamia kwenye vitambaa. Na kwa kuwa kule kwenye maabara ya chuo wana mashine za kila namna isipokuwa cherehani, kazi ikahamia sebuleni kwangu.

Usidhani kitambaa kilikuwa mteremko. Antena ikikunjwa hubadilika; ile iliyokuwa inaongea sawasawa mezani, ukiizungusha mwilini inahama stesheni, haipatikani tena pale ulipoiacha. Binti alichora umbo kama jani, akalipunguza huku, akalitia pengo kule, akalipanua chini, mpaka akapata jani ambalo likikunjwa linahama kidogo tu, halitoki nje ya uwanja wake. Kila jani jipya alilizungusha kwenye chupa, kwenye chungu, kwenye goti langu, huku anatazama kisanduku chake cha kupimia. Sidhani kama lipo goti la mjane lililopimwa kama langu. Kitambaa cha pamba tulikiacha kwa sababu kinakunywa jasho, na kikishalinywa antena inalewa. Tukashika kile kinene cheusi, laini kama cha kofia, kisichonywa kitu. Majani yakakatwa kwenye kitambaa chenye madini, na kingo zikashonwa kwa uzi wenye fedha. Ule uzi una majivuno. Ukiuvuta kwa nguvu unakatika, ukiulegeza unajikunja. Nilifumua mpaka vidole vikafanya sugu, na kila nikiketi kwenye cherehani nilianza kwa dua fupi, maana kazi ya kutafuta ugonjwa ndani ya watu si kazi ya kuingia nayo mikono mitupu.

Sasa turudi kwa Redio.

Binti alihitaji kitu cha kujaribia, na kanuni za kazi yake hazimruhusu kumvalisha mtu na kumsomea picha mpaka wakubwa wa maabara na madaktari waridhike. Kwa hiyo akawa anapika matiti. Nasema anapika, kwa sababu sufuria zilikuwa zangu. Maji, mafuta ya kupikia, unga wa jelatini, na sabuni kidogo ya vyombo ili mafuta na maji visigombane. Anamimina kwenye bakuli la mviringo, nusu. Kabla haijaganda sana anaweka kidonge cha jeli yenye maji mengi, amekitia rangi ya kijani, hicho ndicho uvimbe wa bandia. Kisha anamimina iliyobaki. Ikiganda anaipindua kwenye sahani, na hapo, samahani kwa wenye aibu, unaona titi limekaa mezani.

Friji yangu ni ndogo na ina umri wa mjukuu wangu mkubwa. Redio anauza maji baridi na juisi, ana friji kubwa kama kabati la nguo. Akajitolea. "Leteni matiti yenu," alisema, "yalale na soda zangu." Siku ya kwanza mumewe, mtu mpole asiyejua lolote, alifungua friji kutafuta maji ya kunywa. Redio anasimulia kwamba alirudi sebuleni bila maji, akaketi, halafu akauliza kwa adabu, "Mke wangu, kuna mtu amekufa?"

Mimi lakini nilikuwa natazama kitu kingine. Redio ni wa mkono wa kushoto. Kwa mkono huo alikuwa anabeba ndoo, anapiga kingoma cha chapuo kwa kijiko cha mti, anawatishia wateja wasiolipa. Tangu mvua zilipokatika ule mkono ulikuwa haunyanyuki. Si kwamba ulikuwa na jeraha. Aliubana tu, kama anayelinda kitu kisionekane, au kisitoke. Tulipompima kipimo cha sidiria, juu ya nguo, ili binti ajue ukubwa wa vikombe vya wanawake wa umbo lake, upande wa kulia alikuwa anapiga kelele na mizaha. Kamba ya kupimia ilipofika kushoto, Redio ilizimika.

Akaanza na maswali. Alikuja nikiwa naanika nguo.

"Mama Mhandisi, hicho kidude kinaona kweli, au ni mambo ya kitabuni?"

"Kwenye jeli kinaona."

"Hata kama kitu ni kidogo? Kiko upande wa kwapani hivi, chini kidogo?"

Nikakung'uta shuka, nikalitundika. "Kwa nini unauliza?"

"Kuna mwanamke namjua. Ana kitu. Hakiumi. Hataki kwenda hospitali."

"Mwambie aende."

"Nimemwambia! Ana kichwa kigumu yule, sijapata kuona. Namsema asubuhi, namsema jioni, mpaka tumechokana."

"Anaogopa nini?"

Redio alitazama pembeni, kule watoto walikokuwa wanacheza. "Anaogopa foleni. Unajua foleni ya hospitali ina macho. Ukionekana pale, jioni mtaa mzima unajadili maradhi yako."

Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuonekana popote Redio asipoitoa habari yake. Na sasa Redio alikuwa na habari moja ambayo hajaitoa kwa yeyote, na ilikuwa inamla. Ningeweza kumshika mkono pale pale nikamwambia, dada, ni wewe. Lakini namjua. Ukimfunua kwa nguvu atacheka, atasema nimezeeka, na hatakanyaga kwangu tena, na hospitali ndiyo hataiona kabisa. Nikaamua kuacha mlango wazi na kusubiri. Usiku na mchana nilimwombea "yule mwanamke mmoja," bila jina. Mungu anajua anwani.

Ikafika siku ya jaribio kubwa. Sidiria ilikuwa imekamilika, majani yote yameshonwa kuzunguka vikombe, nyaya nyembamba zimekusanywa nyuma kama mkia. Wakubwa wa binti walikuwa wanangoja picha aliyowaahidi, wakiiona nzuri wangemruhusu aanze kuzungumza na madaktari. Jeli aliipika jana yake, akatia kidonge chake cha kijani upande wa juu, akaipeleka kwa Redio ikiwa bado inatikisika. Asubuhi Redio aliileta mwenyewe, bakuli kichwani, mkoba begani, akaomba kubaki.

"Nitakaa kimya," akasema.

"Wewe?" binti akamuuliza.

"Nijaribu na mimi. Si ni siku ya majaribio?"

Jeli ikapinduliwa kwenye sahani, sidiria ikavalishwa juu yake, binti akaibonyeza kila upande ikae bila nafasi ya hewa. Akawasha kisanduku. Hakikutoa mlio wowote, mpaka Redio akanikonyeza kuuliza kama kimeanza. Kompyuta ikakaa, ikakaa, kisha picha ikaanza kujaa, buluu kila mahali, halafu juu, palepale kilipowekwa kidonge, doa jekundu.

"Hilo hapo!" binti akapiga makofi.

Kisha likatokea la pili. Chini kidogo, upande wa kwapani.

Makofi yakakatika. Binti akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. Akarudia kupima. Madoa mawili. Akairekebisha sidiria, akapima tena. Mawili, na lile la pili halikusogea hata unywele.

"Hili silijui," akasema. "Mimi nimeweka moja."

"Labda ni mafuta yaliyojikusanya," nikamwambia.

"Mafuta hayarudishi mawimbi hivi, Mama." Akaivua sidiria, akaanza kupima antena moja moja, anaizungusha kwenye chupa, anasoma kisanduku, anatikisa kichwa. Zote nzima. Nilimwona anavyozidi kunywea mabegani, kama alivyokuwa akinywea akiwa mdogo hesabu ikimkataa. Mwisho akaketi. "Jeli nimeipika mwenyewe. Basi kosa ni la sidiria. Zile antena za upande huu ziko karibu mno, zinasikiana zenyewe kwa zenyewe na kutuletea picha ya uongo. Tuzifumue, Mama. Upande wote. Tuanze upya."

"Wote?"

"Siwezi kupeleka kitu kinachoona visivyokuwepo. Atakayevaa hicho ni mama wa mtu. Utamtia hofu bure."

Akachukua mkasi mdogo wa kufumulia. Mimi nikamtazama Redio.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kimya kama alivyoahidi, lakini haukuwa ule ukimya wa mtu anayetimiza ahadi. Jasho limemtoka juu ya mdomo. Ncha ya mkasi ikaingia chini ya uzi wa kwanza.

"Weka mkasi chini," akasema Redio.

"Mama mdogo, ngoja kidogo, nina..."

"Nimesema weka mkasi chini, mtoto! Sidiria yako haina kosa."

Akaenda jikoni kwangu bila kuuliza, akarudi na kisu. Akaichana ile jeli kama anayekata mkate, upande ule wa chini, akaingiza vidole viwili, akavuta. Juu ya kiganja chake kikakaa kitu cha rangi ya machungwa, mviringo, kinang'aa kwa mafuta.

"Nini hiyo?" binti akauliza.

"Karoti."

"Karoti?"

"Nimeichonga jana. Jeli ilikuwa laini bado. Nikaisukuma kwa kidole ikazama, na juu pakajifunga. Nilitaka kujua kama kinaona kweli, au kinaona kwa sababu mwenyewe anajua alipoweka."

Binti alimkodolea macho. Halafu akaruka. Aliruka kweli, mtu mzima na shahada zake, kiti kikaanguka, akanikumbatia, akamkumbatia Redio, akarudi kwangu. "Kimeona! Mama, kimeona kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua! Unajua maana yake? Nilikuwa nafumua! Nilikuwa nafumua kitu kizima! Mama mdogo, wewe ni mchawi, wewe ni mtafiti, wewe..."

"Mimi ni muuza juisi," alisema Redio. Lakini hakucheka.

Binti akaichukua ile karoti, akaigeuza kwenye mwanga. Niliiona furaha ikimpungua usoni, si kuondoka, ikisogea pembeni tu kupisha kitu kingine. Karoti ilikuwa imechongwa kwa uangalifu mkubwa. Haikuwa mviringo kamili. Upande mmoja ulikuwa umebonyea kidogo, na mtu hawezi kuchonga hivyo kwa kubahatisha. Huchonga hivyo anayefuata kitu anachokijua kwa vidole.

"Mama mdogo," binti akasema polepole. "Kwa nini umeiweka pale? Na kwa nini umeichonga hivi?"

Redio akaubana mkono wa kushoto. Nje mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele. Nikafunga mlango.

"Ndivyo kilivyo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua." Kisha kwa haraka, kama anayetaka kumaliza kabla moyo haujarudi nyuma: "Basi nivalishe. Kimeona karoti, kitaniona na mimi. Tufunge madirisha, univalishe, uniambie. Nikijua ni kibaya nitajua la kufanya."

Nilidhani binti yangu atalegea, kwa jinsi anavyompenda. Akaikunja sidiria, akaiweka kifuani, akaifunika kwa mikono miwili.

"Sikuvalishi."

"Mimi ndiye niliyekuhifadhia matiti yako!"

"Najua. Ndiyo sababu sikuvalishi. Hiki kimesoma jeli, mama mdogo, hakijasoma mtu. Wewe una ngozi, una damu, una mishipa, unapumua. Nikikuvalisha kikaniambia hakuna kitu, utaniamini, utakwenda nyumbani ukalale. Na kama kimekosea? Na kikiniambia kipo, nitafanya nini mimi? Nitakushika mkono nikupeleke kulekule hospitali. Sasa si tuanzie huko?"

Redio akanigeukia mimi, anatafuta wa kumtetea. Sikumtetea. Nilikuwa naokota kiti.

"Watanitangaza," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuijua. "Nikionekana pale. Unajua jinsi watu wanavyosema."

"Nani atakutangaza?" nikamuuliza. "Redio yenyewe iko kwenye foleni. Habari itatoka kwa nani?"

Aliniangalia. Midomo ikamcheza. Halafu kikamtoka kicheko, kicheko chake kile cha kutikisa vikombe, na machozi yakateremka humohumo ndani yake. Binti akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mbele ya titi lililokatwa nusu kama watu wasio na adabu.

Nikauchukua mtandio wangu nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" Redio akauliza.

"Tunakwenda."

"Leo? Nimeinjika sufuria."

"Mumeo ana mikono."

"Sijaoga."

"Umeoga, nanusa sabuni."

"Wataniminya kwenye ile mashine kama chungwa."

"Watakuminya. Kisha watakuachia. Nami nitakuwa nje ya pazia, ukitaka kupiga kelele piga, wamezoea."

Akatafuta kisingizio kingine, nilimwona anakitafuta, macho yanazunguka sebule nzima, cherehani, jeli, waya, picha ya marehemu ukutani. Binti akaenda chumbani, akarudi na kitambaa safi. Akaifuta ile karoti mafuta, akaifunga ndani yake.

"Chukua," akamwambia. "Ukifika kwa daktari usihangaike na maneno. Mpe hii. Mwambie ni kama hii, na ni hapa. Ataelewa."

Redio aliupokea ule mfuko mdogo kwa mkono wa kushoto. Aliunyanyua mkono huo mpaka usawa wa kifua, mara ya kwanza tangu mvua, akautazama kana kwamba ameazimwa na mtu. Akasogeza midomo. Nilikuwa tayari kwa lolote: mzaha, tusi, wimbo. Akautia mfuko mkobani, akaubana mkoba kwapa la kulia, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akatangulia njia ya hospitali.